Tupeane uzoefu: Mliofika Sorrento, ule mji wa juu ya jabali kusini mwa Italia

Mzee wa Ngazi
Wakuu, habari za muda huu. Mwezi wa tano, Mungu akipenda, nampeleka mama watoto Sorrento, tukitokea Napoli kwa shemeji yangu ambaye ni sista huko. Waliofika naomba waseme walichokutana nacho, maana picha za mtandaoni ni malimau na bahari tu.

Naanza mimi. Nilipita pale 2018, nusu siku. Nikashuka kwenye treni, nikatembea dakika chache hadi Piazza Tasso, uwanja wenye jina la mshairi Torquato Tasso aliyezaliwa mjini hapo 1544. Upepo wa bahari unanipiga usoni, honi ya meli naisikia. Nikajisemea, sasa hivi nalowesha miguu. Nikafuata harufu ya chumvi hadi bustani ya Villa Comunale, nikashika vyuma vya ukingoni, nikachungulia. Bahari iko chini huko, kama mita 50, mashua zinaonekana kama kandambili. Kuna lifti iliyopitishwa ndani ya mwamba, inalipiwa. Kwa ubahili wangu nikashuka kwa miguu. Kushuka raha. Kupanda nilikaa chini mara nne, na mara ya tatu bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga alinipita, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Karibuni.

Baharia wa Likoni
Mimi Sorrento niliiona kutoka chini kwanza. Nilikuwa jikoni kwenye meli ya watalii. Meli kubwa hazifungi gatini pale, zinatia nanga nje, halafu boti ndogo zinawapeleka watu Marina Piccola. Asubuhi nikiwa na ndoo ya maganda ya viazi nikainua macho: ukuta wa jabali umesimama wima kutoka majini, na hoteli zimejipanga kileleni ukingoni kabisa kama ndege kwenye waya.

Sasa sikilizeni hii. Grande ni kubwa, Piccola ni ndogo, hiyo kila mtu anajua. Lakini pale, bandari yenye meli za kwenda kisiwa cha Capri na Napoli ndiyo inaitwa Marina Piccola. Marina Grande ni kijiji cha wavuvi, nyumba za rangi rangi na nyavu chini. Mimi na mwenzangu wa Kilifi tulipewa saa nne za kutoka. Yeye akaenda kutafuta laini ya simu, mimi nikaenda kutazama vile visanduku vyao vya mbao vilivyotiwa nakshi kwa vipande vya mbao za rangi tofauti, kazi ambayo mji ule unasifika nayo. Nikamwambia, "Tukutane bandari kubwa saa kumi." Akaenda Grande, kama alivyoambiwa. Mimi niko Piccola natazama saa. Boti la mwisho la wafanyakazi ni saa kumi na nusu, na laini yake mpya bado haijashika.

Kati ya bandari hizo mbili kuna jabali. Ilibidi apande hadi mjini, akatize, ashuke tena. Alifika shati limemganda mgongoni na boti limeshafunguliwa kamba moja. Mpaka leo akinipigia simu hasalimii, anasema tu, "Grande!"

Kijana wa Casuarina
Baharia umenichekesha. Mimi wa Malindi, Kiitaliano nimekiokota ufukweni nikiuza vinyago. Malindi mnaijua, Waitaliano wako tele. Mwaka 2022 familia moja ya wateja wangu wa zamani ikanialika, tukapita Sorrento siku tatu. Nilijiona mwenyeji kabisa. Nikaingia baa, nikaagiza kahawa kwa madaha, muuzaji akamgeukia mwenzake wakazungumza, sikuambulia kitu. Kumbe kule wana lugha yao ya Kinapoli. Kwa "twende" wanasema *jamme*, mimi najua *andiamo*. Ni kama ujifunze Kiswahili cha Unguja halafu ushushwe Pate. Yule muuzaji aliniuliza kama nimekulia Brescia, maana lafudhi yangu ni ya watu wa kaskazini walionifundisha.

Lakini kilichoniuma ni pwani yenyewe. Mchanga ni haba, na ulioko ni wa kijivu, wa volkano. Wamejenga majukwaa ya mbao juu ya nguzo ndani ya maji, kama magati, wakapanga vitanda na miavuli. Kitanda unalipia. Mwavuli unalipia. Mimi mtoto wa pwani nilipie kulala juani!

Mzee wa Ngazi, dawa ni Bagni della Regina Giovanna, kwenye rasi ya Capo di Sorrento. Unapanda basi au unatembea, halafu unateremka njia ya mawe. Kuna magofu ya jumba la Warumi wa kale na bwawa lililozungukwa na mwamba, bahari inaingilia kwenye tao. Bure kabisa. Vaa viatu vya mpira, na usiende Jumapili.

Mchumi Mkavu
Hela yote hiyo ya viza na ndege ili ukatazame bahari? Kilwa mmefika?

Mzee wa Ngazi
Kilwa nimezaliwa, mkuu. Leta uzoefu.

Bi Mkasi
Assalaam alaykum. Mimi sikwenda kutembea, nilikwenda kazi. Mimi wa Unguja, nimemtunza bibi mmoja wa miaka 86 huko Sorrento kwa miaka miwili, kazi wanayoiita *badante*. Kwa hiyo nimeuona mji wakati nyie hampo. Novemba hoteli nyingi zinafunga mpaka karibu na Pasaka. Duka la aiskrimu linashusha pazia, meli zinapungua, na bahari ikichafuka haziji kabisa. Wazee wanatoka kukaa uwanjani na makoti yao, wanasemana.

Malimau mnayoyaona kwenye picha yako mjini humo humo, nyuma ya kuta ndefu. Wanasimika nguzo za mti wa mchesnati, juu wanatandika mikeka ya majani kuikinga milimau na baridi na mvua ya mawe, ingawa siku hizi wengi wanatumia nyavu. Limau lenyewe lina umbo la yai na ganda lake limejaa mafuta. Ukilikwangua kwa ukucha, chumba kizima kinajua.

Signora wangu, yaani bibi yule, alikuwa akitengeneza *limoncello*, kileo chao cha malimau, kila mwaka. Namenya mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Unachukua ile njano tu. Ukigusa nyeupe anakupiga kijiko kidoleni, maana nyeupe ndiyo inayotia uchungu. Maganda yanaingia chupani na spiriti kali, baadaye sukari na maji. Kabla hamjaniuliza: mimi nilimenya, spiriti alitia mwenyewe, na sijaonja.

Sasa yamebaki malimau ishirini yako uchi, anataka kuyatupa. Roho ikaniuma. Nikamwomba. Nikayakata mane mane, chumvi, pilipili ya unga, na uwatu niliotumiwa kutoka Darajani, nikaianika chupa kwenye roshani. Lakini achari inasimama kwa ganda, na haya hayana. Baada ya wiki yakawa rojo. Nikaona nimeharibu, nikaificha nyuma ya mafuta ya zeituni.

Ijumaa tukakaanga *alici*, samaki wadogo kama dagaa walionenepa. Signora akaiona chupa. Akachovya ncha ya uma, akatia mdomoni, akafumba macho, akasema, "Madonna!" Nikajua nimemuua. Akachovya tena. Mwaka wa pili alinunua chupa kubwa mwenyewe, akaiandika kwa kalamu: *zanzibarina*. Neno halipo kwenye lugha yoyote.

Mtu wa Goma
Bi Mkasi, Mungu akubariki. Mimi ni wa Goma, siku hizi niko Ubelgiji. Nilifika Sorrento na watu wa kazini mwaka juzi. Pale Villa Comunale kila mtu anapiga picha Vesuvio, mlima wa volkano umekaa ng'ambo ya ghuba, mzuri kweli. Mimi sikupiga. Nyiragongo, volkano ya kwetu Goma, ilipotoka moto 2002 nilikuwa mtoto, nyumba yetu ilienda. Mei 2021 nilikuwa kwetu tena, usiku, tunakimbia na godoro kichwani. Sasa nimeketi, mtu ananiletea kahawa, ananiambia tazama ulivyo mzuri. Nikamuuliza mara ya mwisho ulitoka lini. Akasema 1944. Alisema kama mtu anayetaja harusi ya shangazi.

Mwenzetu mmoja aliyesoma mambo ya miamba akatuambia kwamba hata hilo jabali tulilokalia ni majivu ya volkano yaliyogandamana, mlipuko wa Campi Flegrei, eneo la volkano karibu na Napoli, wa miaka kama 39,000 iliyopita. Nikashuka kwenye ngazi nikalikwaruza kwa ufunguo. Likatoka unga wa kijivu. Kwetu jiwe la volkano ni jeusi na linakata kiatu. Hili laini, na wamebebesha hoteli nzima juu yake.

Neema wa Torino
Mambo ya safari kwa ufupi, mengine mtauliza. Treni ni Circumvesuviana, unaipandia chini ya stesheni ya Napoli, Garibaldi. Ni mwendo wa saa moja na kidogo, na Sorrento ndiyo mwisho wa reli, huwezi kupitiliza. Njiani inasimama Ercolano na Pompei, penye magofu ya miji ya kale iliyofukiwa na Vesuvio, mnaweza kushuka mkaendelea baadaye. Viza ya Schengen ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima isiyopungua euro 30,000. Hotelini mtatozwa kodi ya mji kando ya bei ya chumba, na mgahawani kuna *coperto*, pesa ya kukalia meza. Kahawa inywe wima kaunta, ukikaa bei inapanda.

Basi la kwenda Positano na Amalfi, kaeni upande wa kulia, bahari iko huko. Na gongeni muhuri tiketi mkishapanda! Mimi nilikuwa na tiketi mkononi, nimeilipia, nikapigwa faini kwa sababu sikuigonga. Nililia kwa Kiitaliano, nikalia kwa Kiswahili, mkaguzi akaendelea kuandika.

Mzee wa Ngazi
Asanteni sana wakuu. Mama watoto amesoma uzi wote, mlima haukumtisha wala faini. Anamuuliza Bi Mkasi: uwatu alipitaje nao uwanja wa ndege?

Bi Mkasi
Mwambie wangu aliubeba mtu, umesagwa, kwenye kopo limefungwa. Walilifungua wakanusa, wakalifunga haraka wenyewe. Na safari hii asimenye.