Sledi ya mtumba, kukodi, au kusubiri korona ipite?

Mwenye_Baridi (8 Novemba 2020)
Wakuu, habari za Jumapili. Wakubwa shikamooni. Kuna mzungu anauza sledi, yaani pikipiki ya theluji, Polaris 600 ya mwaka 2012, anataka dola 3,800. Anasema kuna wawili wengine wanampigia simu, kwa hiyo nimpe jibu kabla ya Ijumaa. Misimu miwili nimekuwa nakodi. Sasa na hii korona sijui hata kama msimu utakuwepo. Ninunue, niendelee kukodi, au nikae ndani niitazame theluji dirishani? Naombeni mawazo.

Kibopa_wa_Sudbury
Uko wapi? Una trela? Huwa unaendeshea wapi? Umetutajia bei ya ng'ombe, zizi hujasema.

Dada_Lewiston
Na imetembea maili ngapi? Watu mnaomba ushauri huku mnaficha kama mahari.

Mwenye_Baridi
Samahani dada. Niko Duluth, Minnesota. Maili 6,400. Trela sina, gari ni RAV4. Naendesha na jamaa watatu, wawili kati yao wako Thunder Bay, Kanada. Februari huwa tunakutana kwao.

Kibopa_wa_Sudbury
Basi Thunder Bay ifute. Mpaka wa nchi kavu umefungwa kwa safari zisizo za lazima tangu 21 Machi, na kila mwezi wanausogeza mbele. Hata ukipata sababu ya kuvuka, Kanada unaanza na karantini ya siku 14. Likizo yako ni siku ngapi? Sisi huku Kanada vibali vya njia za sledi vinauzwa kama kawaida, na vilabu vya waendeshaji vinatuhimiza tununue mapema. Hela za vibali ndizo zinazolipia mashine za kusawazisha njia, na mwaka huu za Wamarekani hazitegemewi. Halafu ukinunua, nunua skidu (Ski-Doo), ile kampuni nyingine. Polaris ni ya kupigia picha.

Mzee_Posta
Mwanangu, kukodi usithubutu kabla hujasoma kipengele cha kurudishiwa hela.

Machi mwaka huu nililipia kijumba na mashine mbili, siku nne, Keweenaw, Michigan, karibu na Copper Harbor kule barabara kuu inakoishia. Tukaingia Jumatatu tarehe 16. Siku hiyo hiyo gavana akafunga baa na migahawa, ikabaki kuchukua chakula na kuondoka nacho. Nikasema haina neno.

Jumanne, tukiwa maili thelathini kutoka kijumbani, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Mashine inanguruma, haiendi. Nafungua kifuniko, mkanda umechanika na nyuzi zake zimejisokota kila mahali kama tambi. Nafungua mahali pa mkanda wa akiba: patupu. Tukapakizana mimi na mama kwenye ile nzima hadi kwenye baa ambayo miaka yote waendeshaji huota moto. Taa inawaka, mwenyewe namwona ndani, mlango umefungwa. Akatoka na vikombe viwili vya kahawa, akaviweka juu ya theluji, akarudi ndani akatupungia mkono. Simlaumu, hakuna aliyejua ugonjwa unaendaje. Nilikuwa na chapati mfukoni. Nimeigonga kwenye skii ikalia kama kigae.

Tulisimama nje kwa muda wa saa mbili na nusu tukisubiri gari la kuvuta. Vidole viwili vya mke wangu hadi leo vinamwasha kukiwa na baridi. Jumatano tukaondoka. Wenye kijumba hawakurudisha hata senti, wakatupa hati ya kuja tena ambayo mwisho wake ulikuwa Oktoba. Oktoba, mwanangu! Nikaendeshe kwenye majani makavu?

Ukiwa njiani korona utaipata wapi? Upepo unakupiga na mwenzako yuko mita hamsini mbele. Shida ni pale mnapotaka kupata joto. Kwa hiyo anza na swali la utalala wapi na utakula wapi, mashine baadaye.

Dada_Lewiston
Pole sana mzee, na mpe pole mama.

Mpemba_Barafuni
Pole mzee. Mwenye_Baridi, kwa nini usivuke daraja tu uje Wisconsin? Mahakama ya juu ya jimbo ilifuta amri ya kukaa nyumbani tangu Mei. Ukitaka supu ya moto unaingia, unakaa, unakunywa. Nunua pasi ya njia ya Wisconsin, pakia, mwendo wa saa moja na nusu uko Hayward.

Dada_Lewiston
Unamwalika mtu huko huku mmefungua hospitali ya dharura kwenye viwanja vya maonyesho? Akigonga mti nani atamhudumia? Mimi ni nesi, usinichekeshe.

Mpemba_Barafuni
Dada, hata ukianguka bafuni utahitaji hospitali. Tusioge?

Dada_Lewiston
Bafuni siendi kwa kasi ya maili 70.

Fundi_Cylinder
Turudi kwenye mashine jamani. Maili 6,400 kwa injini ya tu-stroku si nyingi wala si chache. Mwambie akuruhusu upime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Namba za silinda mbili zikiachana sana, ondoka na hela zako. Nenda mapema kabla hajaiwasha, shika injini. Ukikuta ya moto jua inaficha ugonjwa wa kuwaka asubuhi. Bei ni ya korona hiyo, mwaka jana ungeichukua kwa 3,000. Kila aliyekosa kusafiri kwa ndege ananunua kitu chenye injini. Kwa huyo wa skidu: Polaris zinatengenezwa Roseau, Minnesota, kwa hiyo spea kwake ziko karibu.

Kibopa_wa_Sudbury
Ziko karibu kwa sababu zinahitajika kila wiki.

Mpemba_Barafuni
😂😂 Mwenye_Baridi, umezaliwa mwaka gani? Minnesota, aliyezaliwa baada ya 1976 lazima awe na cheti cha usalama. Unasoma mtandaoni.

Mwenye_Baridi (19 Novemba)
Cheti ninacho. Wakuu, mambo yamebadilika. Jana Gavana Walz katangaza: kuanzia kesho usiku baa na migahawa hakuna kukaa ndani, wiki nne. Na hakuna kukutana na watu wa nyumba nyingine, hata nje! Sasa sledi tatu za nyumba tatu zikifuatana porini ni mkutano?

Fundi_Cylinder
Njia za Minnesota zinafunguliwa 1 Desemba, amri inaisha 18 Desemba. Mwezi huo barafu ya maziwa haiaminiki hata hivyo. Hujapoteza kitu.

Dada_Lewiston
Ni mkutano.

Mpemba_Barafuni
Si mkutano, ni foleni.

Mzee_Posta
Tazameni Northwest Angle, kile kipande cha Minnesota kilichochomoza juu. Kwa gari lazima upite Kanada. Ziwa likiganda, wenye sledi watakatiza juu ya Lake of the Woods bila kugusa mpaka. Mwaka huu huko sledi ndiyo basi lao.

Kibopa_wa_Sudbury
Mwenye_Baridi, yule mzungu umemjibu nini? Ijumaa ilishapita.

Mwenye_Baridi
Alishauza. Ila kanipigia jana, aliyenunua hajaja kuichukua, naye kwa sasa anataka 4,100. Nimemwambia nitafute trela kwanza. Kuna mtu Duluth au Superior mwenye trela ya kuazima?

Dada_Lewiston
Mimi nina swali lingine. Mzee, ile chapati ilikuwa ya maji au ya kusukuma? Ya maji haigandi hivyo.

Mzee_Posta
Ya kusukuma, mwanangu. Mama aliweka samli nyingi.