Mrejesho: kitabu na programu za kuanzia C kwa laptop kuukuu

Waungwana salaam, mimi ndo yule wa Likoni niliyeuliza ninunue kitabu gani na niweke programu zipi nijifunze C, lugha ya kuandikia programu, kwa laptop ya ramu giga 4. Nimechukua kitabu cha Kernighan na Ritchie, The C Programming Language, toleo la pili la 1988, nimekipata mtumba huku tauni, jalada limechoka lakini kurasa zote zimo. Wallahi kembamba lakini kazito, ile sura ya pointa (kinachoshika anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) na arei (safu ya vitu vya aina moja) imenizungusha mpaka nikachora visanduku kwa kalamu ndo nikaona kumbe ukiipitisha arei kwa fankisheni (kipande cha kodi unachokiita kwa jina) inayofika ni anwani ya kile kitu chake cha kwanza tu, ndo maana sizeof, ile ya kupima ukubwa kwa baiti, mle ndani inanipa 8, ukubwa wa anwani, si wa arei nzima. Kwa asiyewahi kuandika kodi kabisa, hakimfai.

Ile programu nzito ya kuandikia kodi niliyokuwa nayo nimeitoa, ilikula ramu yote, sasa ni Geany ya kuandikia na gcc ya kugeuza kodi iwe programu, na -Wall, ile ya kuiambia gcc itoe maonyo, siiachi, inanasa makosa mengi mapema. Aloniambia nisome kurasa za man (maelezo yaliyomo ndani ya mashine yenyewe) shukran sana, bando likiisha man 3 printf, maelezo ya fankisheni ya kuandika kwenye skrini, ipo tu. Imebaki gdb, ile ya kusaka makosa programu ikiwa inaenda, mwenye kuijua anielekeze pa kuanzia.