Populisti yupi ni hatari zaidi kwa dunia, na tumpime kwa kipimo gani?

Mlinganishi
Wakuu, kwenye mijadala ya siasa za nje naona viongozi wanapangwa kwa ukali wa ulimi: Trump wa Marekani, Orbán wa Hungary, Bolsonaro wa Brazil, Duterte wa Ufilipino, marehemu Chávez wa Venezuela. Aliyetukana zaidi anakaa juu. Mimi nimekuwa napima kwa vitu vitatu: kama ana silaha za nyuklia, ukubwa wa uchumi wake, na miaka aliyokaa madarakani. Kwa kipimo hicho Orbán anaangukia mkiani, maana Hungary haifiki watu milioni 10. Lakini nikikumbuka jinsi alivyousumbua Umoja wa Ulaya, naona kipimo changu kina kasoro. Kinakosa nini?

Populisti hapa namaanisha kiongozi anayedai kwamba yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi halisi, na anayempinga, awe jaji, mwandishi au mbunge, ni adui wao. Kwa hiyo Idi Amin simhesabu. Aliingia kwa bunduki 1971, si kwa kura.

Bandari_Salama
Mkuu, kinakosa kura ya turufu. Usiulize nchi ina ukubwa gani, uliza kiongozi wake amekaa kwenye meza ipi na meza hiyo inaamuaje.

Umoja wa Ulaya hauwezi kuweka vikwazo wala kuamua mambo makubwa ya nje mpaka nchi zote zikubali. Vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Urusi viliwekwa vya miezi 6, vikiisha mwisho wa Januari na mwisho wa Julai. Orodha ya watu na makampuni ilikuwa na tarehe zake, katikati ya Machi na katikati ya Septemba. Hesabu mwenyewe: mara 4 kwa mwaka Hungary iliweza kusema "hapana" na kudai kitu kabla ya kusema "ndiyo".

Desemba 2023 inaonyesha vizuri. Tarehe 13 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, iliachia euro bilioni 10 hivi za Hungary zilizokuwa zimezuiwa. Tarehe 14 Orbán akatoka chumbani ili wenzake waamue kuanza mazungumzo ya uanachama wa Ukraine bila yeye kupiga kura, halafu usiku huohuo akazuia msaada wa euro bilioni 50. Alikubali 1 Februari 2024. Hapo pesa ya Ukraine ilichelewa wiki 7 katikati ya vita, na aliyeichelewesha hakuhitaji jeshi wala uchumi mkubwa.

Nguvu hiyo aliianzia nyumbani. Mwaka 2010 chama chake, Fidesz, kilipata asilimia 53 hivi ya kura lakini kikavuna theluthi mbili ya viti, na theluthi mbili ndiyo inayobadili katiba. Katiba mpya ilianza 1 Januari 2012. Baada ya hapo bungeni hakukuwa na wa kumzuia.

Mzani
Nakubali kuhusu turufu, ila ucheleweshaji wa wiki 7 unalipika. Mimi naweka mbele swali jingine: akiondoka, mrithi wake ataweza kurudisha alichovunja?

Tazama mambo mawili ya Trump. Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi alitangaza kujitoa Juni 2017, akasubiri mpaka 4 Novemba 2020, kwa sababu mkataba wenyewe ulikataza notisi kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha ukadai mwaka mzima wa kungoja. Februari 2021 Marekani ikawa imesharudi. (Safari ya pili, 2025, ile miaka 3 haikuwepo tena, ukabaki mwaka mmoja.) Makubaliano ya nyuklia ya Iran ya 2015 hayakupitishwa na Seneti kama mkataba, kwa hiyo 8 Mei 2018 uamuzi wake peke yake ulitosha kuiondoa Marekani. Kikomo kilikuwa kurutubisha urani hadi asilimia 3.67 na akiba isizidi kilo 300. Mwaka 2019 Iran ikaanza kuvuka, Aprili 2021 ikafika asilimia 60. Biden alimaliza miaka 4 bila kuyafufua. Mtu yuleyule, lakini jambo moja lina breki na jingine halina.

Bolsonaro naye watu humweka chini kwa sababu mahakama zilimshinda: Juni 2023 alizuiwa kugombea hadi 2030. Sawa, lakini msitu haurudishwi na hukumu. Sheria ya misitu ilibaki. Kilicholegezwa ni ukaguzi na faini. Amazon ya Brazil ilipoteza kilomita za mraba 13,000 hivi katika hesabu ya 2021. Ukaguzi uliporudishwa, 2024 zikashuka hadi 6,300 hivi. Inaniuma kuona jambo hili linawekwa kama tanbihi.

Kivuko
Ongezeni majirani. Venezuela haikumvamia mtu, lakini baada ya mgomo wa 2002–2003 Chávez alifukuza wafanyakazi kama 18,000 wa shirika la mafuta, wengi wao mafundi na wahandisi. Uzalishaji haukuporomoka siku ile. Ulioza taratibu, visima vikakosa matunzo, na bei ya mafuta ilipoanguka 2014 hapakuwa na akiba. Zaidi ya watu milioni 7 wameihama nchi, na Colombia peke yake imepokea zaidi ya milioni 2.

Kwetu pia: Tanzania ilipoacha kutoa takwimu za korona 2020, ikiwa na wagonjwa 509, jirani hakuwa na namba ya kupangia. Mei 16 Kenya ikafunga mpaka isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori ndio waliolipa kwa foleni za vipimo. Na agizo la Marekani la Januari 2025 la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90? Katika huduma za VVU vidonge huwa na akiba, kwa hiyo kinachokatika kwanza ni mishahara ya wahudumu wa mikataba, usafirishaji wa sampuli kwenda maabara, na ufuatiliaji wa walioacha dozi. Ukihesabu vidonge ghalani utadhani mambo ni salama.

Mlinganishi
Asanteni. Basi nitampanga kila kiongozi kwa tendo, si kwa jina: anahitaji saini ya nani, notisi ni ya muda gani, nani anaumia nje ya mpaka, na linarudishika? Kwa Trump nianze na kukwama kwa rufaa za Shirika la Biashara Duniani?

Bandari_Salama
Hapo kuwa mwangalifu. Jopo la rufaa lina viti 7 na kesi inataka wasiopungua 3. Lilikwama 11 Desemba 2019, alipobaki mmoja, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi. Lakini kuzuia kulianza 2016 chini ya Obama, na Biden akaendelea kuzuia. Ukiliandika lote kwa Trump, safu yako ya kwanza itakuwa na kosa. Anza na Iran.