Kazaliwa Alhamisi, mbona anaitwa Juma? Na Mwinjuma maana yake nini?

mchimba_shina: Wakuu, naandaa shajara ya ukoo (mti wa vizazi) na nimekwama kwa mtu mmoja. Jina la kwanza Juma, la mwisho Mwinjuma. Cheti kinasema kazaliwa 11 Aprili 1974, na kwenye kalenda hiyo ni Alhamisi. Juma si mtoto wa Ijumaa? Pia kuna ndugu wanashikilia kwamba Mwinjuma ni jina la kifalme.

kauli_thabiti: Mkuu, ulizia saa kwanza, tarehe baadaye. Kwa hesabu ya Kiislamu siku mpya huingia jua likizama. Aliyezaliwa Alhamisi saa 2 usiku kazaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo ni Juma halali kabisa. Cheti hubadili tarehe saa 6 usiku, ndipo vinapopishana. Angezaliwa Alhamisi mchana angefaa Hamisi, na wa kike Mwanahamisi. Ila kama karithi jina la babu yake, siku haihusiki, usiilazimishe.

Nahau77: Nyongeza. Juma ni Kiarabu, mzizi wa kukusanyika, ule ule wa jamii, jamaa na jumuiya. Hamisi ni "tano", kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Sisi tumeanzia Jumamosi, tukafika Jumatano, kisha tukaazima Alhamisi. Wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana! Wahausa nao wana Danjuma, yaani mwana wa Ijumaa.

kauli_thabiti: Mwinjuma ni Mwinyi Juma iliyofupishwa. Mwinyi ni mwenye: mwenye mji, mwenye mali, mwenye heshima zake. Upande wa wanawake heshima hiyo ilibebwa na Mwana, kama mshairi Mwana Kupona, ndiyo maana kuna Mwanajuma. Suala la ufalme, taratibu. Mtawala wa jadi wa Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu, ni kweli, na Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mwinyi Kheri. Lakini watu wengi wa pwani waliitwa Mwinyi bila kutawala hata kitongoji. Jina peke yake halithibitishi kiti. (Siku hizi ukimwambia mtu "acha umwinyi" unamsema kwa kubweteka. Maneno nayo hushuka vyeo.)

mchimba_shina: Nimeelewa, shukrani. Sasa nitajuaje kama Mwinjuma ni ukoo au ni jina la babu tu?

Nahau77: Hapo ndipo shajara nyingi huharibika. Kwa desturi yetu jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, kwa hiyo "jina la mwisho" huweza kubadilika kila kizazi. Usitumie ndugu zake wala watoto wa baba zake wadogo kupima: wote wana babu mmoja, lazima wafanane. Panda ngazi moja. Chukua kaka za huyo babu, uandike majina matatu ya watoto wao na ya wajukuu wao. Wakiwa nao wanaishia na Mwinjuma, jina limetoka juu ya babu na linatumika kama ukoo. Wakiishia na majina mengine, Mwinjuma alikuwa babu mwenyewe. Angalizo: shuleni na kwenye vitambulisho vya siku hizi wengine huganda na jina moja, kwa hiyo anza na wazee, vijana watakupotosha.

Mwandiko: Na tahajia msiisahau. Tafuta Mwinjuma, Mwinyijuma, Mwinyi Juma kwa maneno mawili, hata Muinyi. Hamisi wa bara ni Khamis Zanzibar. Ukifika kwenye karatasi za enzi za Wajerumani, j yetu huweza kuandikwa dsch, kama walivyoandika Udschidschi kwa Ujiji. Kila umbo liandike kama lilivyo, pamoja na mwaka wa karatasi. Ukisahihisha tahajia mapema, hutaiona tena karatasi hiyo ukiitafuta.