Mjadala: Je, Aliyezalisha Waridi Jipya Apewe Haki ya Kuwazuia Wengine Kuliotesha na Kuliuza?

Ndugu wasomaji, swali ninaloliweka mbele yenu linawagawa wapenda maua na wenye vitalu vya miche hapa Mombasa, na kila upande unalitetea kwa uchungu. Mtu akitumia miaka yake na fedha zake akazalisha aina mpya ya waridi, je, sheria impe uwezo wa kumzuia mwingine asioteshe vipandikizi vya aina hiyo na kuviuza bila idhini wala malipo? Wengi wanasema hapana. Wanasema ua ni neema ya Mwenyezi Mungu, kwamba tawi limekuwa likiombwa kwa jirani tangu enzi za mababu, na kwamba haki za namna hii ni mlango wa makampuni makubwa kumnyang'anya mnyonge riziki yake. Mimi nasema apewe. Nasema hivyo nikiwa upande wa huyo huyo mwenye kitalu kidogo na wa mama anayetunga vikuba, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, kwa kuwa sioni njia nyingine ambayo Pwani itapata waridi lake yenyewe.

Tuanze na hali tuliyo nayo. Mawaridi mengi yanayouzwa kwa bua mjini hutoka nyanda za juu, na hasa kando ya Ziwa Naivasha, lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku huwa baridi na ua hukua polepole likawa kubwa. Mengi ya mawaridi hayo ni ya kundi la haibridi tii, lenye ua moja kubwa juu ya bua refu, au ni jamaa zake wa karibu. Mche wa aina hiyo ukiletwa Kisauni au Likoni hauishi maisha yale yale. Joto la usiku hulifungua ua upesi kabla halijajaa, unyevu wa masika huleta madoa meusi yanayopukutisha majani, na udongo wetu wa mawe ya matumbawe, wenye chokaa nyingi, huuzuia mmea kufyonza madini ya chuma, hivyo majani huwa manjano. Si kosa la mche. Waliouchagua waliuchagua kwa ajili ya mahali pengine, tena kwa sifa nyingine: bua lililonyooka, ua linalostahimili safari, na siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Harufu iliwekwa nyuma kabisa, na aghalabu ilipotea.

Kwetu sisi harufu ndiyo waridi. Waridi hutungwa pamoja na asumini na mrehani, petali zake humwagwa kwenye kitanda cha bi harusi, na marashi yake hunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi. Waridi lisilonukia halina kazi katika shughuli zetu, hata likiwa na umbo la kupendeza namna gani. Na harufu ni sifa inayoweza kutafutwa kwa makusudi, maana mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walieleza kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya mmea, kinachohusika na utengenezaji wa jeranioli, mojawapo ya viungo vikuu vya harufu ya waridi, na wakaonyesha kwamba kazi yake ni hafifu mno katika mawaridi yasiyonukia. Kwa hiyo waridi la Pwani lenye umbo la haibridi tii, harufu ya kikuba na majani yanayostahimili masika linawezekana. Linalokosekana ni mtu wa kuifanya kazi hiyo, na ni lazima tuielewe kazi yenyewe kabla ya kuamua kama inastahili haki yoyote.

Kundi la haibridi tii kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 'La France', waridi alilolitoa Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1867. Baadaye Henry Bennett, Mwingereza aliyekuwa mkulima na mfugaji, alianza kuwachagua wazazi wa mawaridi kwa utaratibu kama mfugaji achaguavyo ng'ombe wa kuzalisha, akiandika nani ni mama na nani ni baba, na huo ndio msingi ambao wazalishaji wanaufuata hadi leo. Ua la mama hufunguliwa kwa mkono kabla halijachanua lenyewe, petali na stameni zake, yaani sehemu za kiume zenye chavua, huondolewa ili lisijichavushe, kisha chavua ya baba iliyokaushwa hupakwa kwenye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kwa brashi laini. Tunda huchukua miezi kadhaa kuiva. Mbegu zake hukaa wiki nyingi kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi za Selsiasi, jambo ambalo Mombasa lina maana ya jokofu na bili ya umeme, na hata hapo sehemu kubwa ya mbegu hazioti. Zile zinazoota hutofautiana kila moja na mwenzake. Katika maelfu ya miche huenda wachache tu wakastahili kubebeshwa kwenye shina lenye mizizi imara na kujaribiwa msimu baada ya msimu, masika na kaskazi, hadi ijulikane kama sifa zao ni za kudumu. Toka kuchavusha hadi kuuza, miaka saba hadi kumi ni jambo la kawaida.

Upo ugumu mwingine unaotuhusu sisi hasa. Mawaridi mengi ya kisasa yana seti nne za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi, jumla 28, ilhali mawaridi ya makundi ya kale yaitwayo ya chai na ya China yana seti mbili, jumla 14. Ukimchanganya mzazi wa seti nne na wa seti mbili, mtoto kwa kawaida huwa na seti tatu, naye huchanua vizuri lakini mara nyingi hazai mbegu. Atakayetaka kuichukua harufu ya waridi kongwe lenye seti mbili na kuiingiza katika haibridi tii atakwama kwenye kizazi hicho, na pengine itamchukua miaka zaidi kukivuka.

Sasa, baada ya yote hayo, mtu mwenye kisu kikali na mche mmoja alioununua anaweza kukata macho, yaani machipukizi yake, na kuyabebesha mengi kwenye mashina mengine kwa siku chache, na msimu unaofuata akauza kwa bei ya chini kuliko mzalishaji, kwa sababu hana miaka kumi ya gharama ya kurudisha. Ndiyo maana Marekani ilitunga sheria ya hataza za mimea, yaani haki ya kipekee ya aliyezalisha aina mpya, mwaka 1930, na hataza ya kwanza, mwaka 1931, ilikuwa ya waridi la kutambaa liitwalo 'New Dawn'. Francis Meilland wa Ufaransa, ambaye uchavushaji wake wa mwaka 1935 ulizaa waridi lililopewa jina la 'Peace' kule Marekani tarehe 29 Aprili 1945, alilipwa kwa sababu ya ulinzi huo wa Marekani, na malipo hayo yalimwezesha kuelekeza nguvu zake kwenye uzalishaji. Kisha ukaja mkataba wa UPOV wa mwaka 1961, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Kenya ilijiunga nao mwaka 1999 na mwaka 2016 ikaingia katika toleo lake la 1991, na taasisi inayosajili haki hizo hapa nchini ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea.

Wanaopinga wanasema haki hii itamnyima mama wa vikuba mwaridi wake wa uani. Naheshimu hofu hiyo, lakini mkataba hausemi hivyo. Aina inayolindwa lazima iwe mpya, itofautiane na nyingine zinazojulikana, ifanane mche kwa mche, na isibadilike ikizidishwa. Miwaridi ya zamani iliyomo nyuani mwetu haiwezi kumilikiwa na yeyote. Aliye na mche uliolindwa anaweza kuuotesha nyumbani kwa matumizi yake yasiyo ya biashara, na yeyote anaweza kuutumia kama mzazi wa kuzalishia aina nyingine. Baada ya muda wa ulinzi, ambao kwa waridi chini ya mkataba haupungui miaka 20, aina hiyo inakuwa ya watu wote.

Hapo wanaponishinda nusu ya hoja ni kwenye gharama. Kusajili kunahitaji ada, majaribio na makaratasi, na kampuni kubwa huyamudu kwa urahisi kuliko mtu wa Bamburi mwenye robo eka. Ningependa kuona serikali ya kaunti ikitoa shamba la majaribio na kubeba sehemu ya ada hizo kwa wazalishaji wadogo, na leseni ya kuotesha iuzwe kwa idadi ya miche ili mwenye kitalu cha kando ya barabara aweze kuinunua. Mkataba wenyewe unaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, mradi mzalishaji alipwe kwa haki, kwa hiyo mzalishaji atakayekataa kabisa kuwauzia wadogo hana budi kulazimishwa.

Wako pia wanaotaka serikali izalishe waridi hilo kwa fedha za umma na kuligawa bure. Ningefurahi mno. Lakini katika kaunti ambayo bado inahangaikia maji na chakula, sioni fedha za miaka kumi zikitengwa kwa ajili ya ua, wala sithubutu kusema zitengwe kabla ya hayo. Basi ninawaomba wanaoikataa haki ya mzalishaji watueleze jambo moja kwa uwazi: katika miaka hiyo ambayo hakuna mche hata mmoja wa kuuza, mzalishaji wa Pwani ataishi kwa fedha za nani?