Je, mjukuu hurithi hatia ya babu yake?

Mkaazi wa Langoni, Lamu: Assalaam aleikum. Jana barazani, kahawa ikizunguka, tulibishana kuhusu Wajerumani: je, ni haki taifa zima libebe hatia ya kuuawa kwa Wayahudi milioni 6 na Wanazi, watu wa chama cha Hitler, hali wengi wa walio hai leo walizaliwa baada ya 1945?

Mwalimu mstaafu, Malindi: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mwanafalsafa Mjerumani Karl Jaspers, ambaye mkewe alikuwa Myahudi, alilipambanua jambo hilo mwaka 1946: hatia ya jinai ni ya mtenda peke yake, lakini dhima ya kisiasa huwafika raia wote, kwa kuwa dola ilitenda kwa jina lao. Mtazame Willy Brandt, aliyewakimbia Wanazi mwaka 1933 na baadaye akawa chansela, yaani mkuu wa serikali, wa Ujerumani Magharibi. Tarehe 7 Desemba 1970 alipiga magoti Warszawa, mji mkuu wa Poland, juu ya mawe yaliyolowa, mbele ya mnara wa mashujaa wa geto, yaani Wayahudi waliopigana na Wanazi katika mtaa waliofungiwa, ingawa yeye binafsi hakuwa na la kujibu. Wajerumani wengi waliona amezidisha.

Binti Shela: Shikamoo, mwalimu. Naogopa kwamba dhima isiyokoma huzaa kinyongo. Mwaka 1986 wanahistoria wa Kijerumani waligombana magazetini kuhusu hilo hilo.

Mwalimu mstaafu, Malindi: Marahaba, binti yangu. Waligombana, naam, na mwanafalsafa wao Habermas akashikilia kwamba kumbukumbu hiyo haifungwi. Hapa kwetu mashamba ya mtama ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na barazani sisi hatulitaji.

Mkaazi wa Langoni, Lamu: Hilo, mwalimu, nitalipeleka leo baada ya alasiri.