Uzalishaji wa mbegu za mafuta: je, kupanda kwa mavuno ni sawa na kuyumba?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninalinganisha uzalishaji wa soya katika nchi mbalimbali tangu mwaka 2000. Nimegawanya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi takwimu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) wa kila nchi kwa wastani wake, na kwa kipimo hicho Brazil inaonekana kuyumba kuliko Argentina, ilhali mavuno ya Brazil yamekuwa yakipanda karibu mfululizo. Tatizo liko wapi?

Jibu la kwanza
Kipimo chako kimechanganya mwelekeo na kuyumba. Nchi ambayo mavuno yake yanaongezeka kila mwaka itakuwa na mkengeuko mkubwa hata kama haijapata mwaka mbaya hata mmoja, kwa sababu miaka ya mwanzo iko chini sana ya wastani na ya mwisho iko juu sana. Chora kwanza mstari wa mwelekeo, kisha pima kila mwaka uko mbali kiasi gani na mstari huo. Hapo Argentina itajitokeza, kwani ilivuna takriban tani milioni 44 msimu wa 2021/22, ikaporomoka hadi milioni 25 hivi msimu uliofuata.

Halafu tenganisha eneo na tija, yaani mavuno kwa kila hekta. Uzalishaji wa Brazil umeongezeka kwa kiasi kikubwa kutokana na kupanuka kwa mashamba, hususan katika Cerrado, nyanda za savana za katikati ya nchi hiyo. Kinyume chake ni kanola (zao jingine la mbegu za mafuta) ya Kanada mwaka 2021: wakulima walipanda eneo kubwa kuliko mwaka uliotangulia, lakini ukame ukashusha mavuno kutoka zaidi ya tani milioni 19 hadi karibu milioni 14. Anayetazama jumla peke yake hawezi kujua kilichoanguka ni tija.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila jumla ya nchi nayo huficha mengi. La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakobadilisha mvua, iliyokausha mashamba ya Argentina msimu wa 2022/23 iliathiri pia jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazil, lakini Brazil nzima ilivuna zaidi ya tani milioni 150, kwa kuwa maeneo ya kati yalipata mvua nzuri. Nchi kubwa huonekana tulivu kwa sababu hasara ya jimbo moja hufidiwa na jingine, wala si kwa sababu mkulima wake yuko salama zaidi. Kama takwimu za majimbo zinapatikana, zitumie hizo.

Jibu la tatu
Ukiongeza mazao mengine, usijumlishe tani za soya na za alizeti kana kwamba ni kitu kimoja: soya ina mafuta takriban asilimia 20, alizeti hupita 40. Vilevile, alizeti ya Ukraine ilishuka mwaka 2022 kwa sababu ya vita. Ukiuacha mwaka huo ndani ya hesabu ya athari za hali ya hewa, utaibebesha mvua lawama isiyo yake.